Maskati kwa miguu: kutoka soko la samaki la Matrah hadi Kasri la Al Alam

Wageni wengi wanaokaa Maskati siku moja au mbili huzungushwa kwa gari. Asubuhi Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, kisha picha mbele ya kasri, nusu saa sokoni Matrah, halafu hotelini. Ni hasara, kwa sababu sehemu ya mji inayotembeleka kwa miguu ni fupi kuliko watu wanavyodhani: ukanda wa pwani wa kilomita 5 au 6 hivi, wenye njia nzuri ya waenda kwa miguu karibu mwanzo hadi mwisho. Kinachowashinda watu si umbali. Ni kutoka saa mbaya, upande mbaya, jua likiwa utosini na maduka yamefungwa.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Jiji la leo limejinyoosha magharibi kwa makumi ya kilomita, Ruwi, Al Khuwair, Ghubra hadi Seeb, na huko hakuna cha kutembea. Barabara kuu za njia nyingi zinakata mitaa vipande vipande. Mji wa kale ni miji miwili. Matrah ndio mji wa bandari na biashara. Maskati penyewe ni mji wa ngome na serikali, umejificha kwenye hori dogo upande wa mashariki. Katikati yao ni milima ya mawe meusi yasiyoota hata jani. Miamba hiyo ilikuwa sakafu ya bahari kabla ya kusukumwa juu ya nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita, na wanajiolojia hutoka duniani kote kuja kuitazama. Mtembeaji anachopaswa kujua ni kwamba inanyonya joto mchana kutwa na kulirudisha usiku. Ndiyo maana mwezi wa Juni saa 4 za usiku ukuta wa mlima bado unakupulizia moto usoni. Mvua ya mwaka mzima, kama milimita 100, haifikii inayonyesha Unguja mwezi mmoja wa masika.

Msimu wa kutembea ni Novemba hadi Machi. Desemba na Januari mchana huwa nyuzi 25 hivi na jioni unaweza kutaka sweta jepesi. Aprili na Oktoba tembea, lakini jioni tu. Mei hadi Septemba hali ni nyingine kabisa: nyuzi 40 si ajabu, na unyevu wa bahari unafanya jasho lisikauke, kwa hiyo mwili haupoi hata ukikaa kivulini. Sheria ya kazi ya Oman inakataza kazi za nje ya jengo kati ya saa 6 na nusu na saa 9 na nusu mchana kuanzia Juni hadi Agosti. Kama mjenzi aliyezoea amekatazwa, mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege hana hoja.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Oman iko saa moja mbele ya Afrika Mashariki. Ukipanga na dereva anayezungumza Kiswahili, na Maskati utawapata wengi, muulize anahesabuje saa. Mzee aliyekulia Unguja ukimwambia saa 2 atafika asubuhi baada ya jua kuchomoza. Mwanawe aliyezaliwa Seeb atakuja saa 8 mchana, na kosa litakuwa lako.

Njia ni moja, lakini ina pande mbili za kuianza.

Asubuhi, wakati wa baridi tu, anza Matrah saa 1 na umalizie Maskati adhuhuri. Soko la samaki linakuwa limechangamka, soko kubwa linafunguka saa 3 hivi, na jua linapopanda unaingia Makumbusho ya Taifa kwenye kiyoyozi. Jioni, geuza: anza Maskati saa 8 na nusu au 9 kwa makumbusho, toka saa 10 na nusu, rudi taratibu kuelekea Matrah na uingie sokoni baada ya Magharibi. Ukilazimika kuchagua moja, chagua ya jioni. Milima iko nyuma ya Matrah upande wa magharibi, kwa hiyo barabara ya ufukweni inaingia kivulini mapema, jua lenyewe likiwa bado halijatua. Asubuhi mambo ni kinyume, jua linatoka upande wa bahari na kukupiga ubavuni njia nzima. Unachokosa jioni ni samaki. Wapenda samaki waende kivyao alfajiri, waoge, wapumzike, kisha warudi jioni.

Ijumaa asubuhi usipange kitu. Maduka yamefungwa, makumbusho mengi yamefungwa au yanachelewa kufungua, na mji unaamka baada ya sala. Siku nyingine soko la Matrah hufanya kazi asubuhi hadi saa 7 mchana hivi, hufunga, kisha hurudi saa 10 au 11 jioni hadi saa 3 au 4 usiku. Mgeni anayefika saa 8 mchana hukuta milango ya chuma imeshushwa na paka wamelala, akaondoka akisema soko la Matrah halina kitu.

Nitaieleza njia kwa mpangilio wa asubuhi. Wa jioni wasome kutoka chini.

Soko la samaki

Jengo jipya lilifunguliwa 2017, limesanifiwa na kampuni ya Snøhetta ya Norway, na paa lake la vibao vyembamba vya alumini limejipinda kando ya bandari mithili ya maandishi ya Kiarabu. Si urembo mtupu. Vibao hivyo vinakata jua na kuacha upepo upite, na ukisimama chini yake saa 3 asubuhi utajua tofauti. Ndani, samaki wamepangwa kwenye meza: nguru, jodari, chewa, changu, ngisi, papa, dagaa. Mnunuzi analipa kwa muuzaji, kisha anampelekea mkataji upande wake na kumlipa kazi ya kupaa na kukata. Mkataji hodari anamaliza jodari wa kilo nyingi kwa dakika chache: anatoa kichwa, anapasua mgongoni, minofu minne inalala mezani, na mifupa inasukumwa pembeni kwa ubapa wa kisu. Hapo ndipo pa kusimama, si penye meza.

Sakafu ni ya majimaji. Vaa viatu vilivyofunikwa vyenye soli isiyoteleza. Ndara zinaangusha watu. Ukitaka kupiga picha ya mtu, omba. Wengi watakubali, na baadhi watamnyanyua samaki juu kabla hujamaliza kuomba. Kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba usimtafute nguru mbichi, ni miezi ya marufuku ili azaliane. Ukimkuta, muulize muuzaji ametoka wapi.

Wasomaji wa Unguja na Lamu watamtambua papa mkavu. Biashara ya jahazi ilikuwa hivyo kwa karne nyingi: kwa upepo wa kaskazi zilishuka na tende, chumvi na samaki wakavu, kwa kusi zikarudi na boriti za mikoko, nazi na karafuu. Zishike hizo boriti akilini, tutazikuta mbele.

Kornishi na Sur al-Lawatia

Ukitoka sokoni unakata kulia, bahari mkono wa kushoto. Hii ndiyo Kornishi, barabara ya ufukweni. Bandari mbele yako ni Bandari ya Sultan Qaboos. Shehena za kibiashara zilihamishiwa Sohar mwaka 2014, kwa hiyo utakachoona ni meli za watalii, majahazi machache na mara nyingi jahazi la kifalme la kisasa, jeupe, liitwalo Al Said. Angalia mapema kama siku yako ina meli ya watalii. Msimu wao ni Oktoba hadi Aprili, na meli moja ikishusha abiria, soko zima linajaa kwa saa tatu na bei ya kwanza unayotajiwa inapanda. Wengi wanarudi melini jioni, kwa hiyo siku hizo hakuna ubishi: nenda usiku.

Nyumba nyeupe zinazotazama bahari, zenye roshani za mbao zilizochongwa, ni uso wa Sur al-Lawatia, mtaa uliozungushiwa ukuta wa jamii ya Walawatia, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Sindi ambao wamekuwa wafanyabiashara wa Matrah kwa vizazi vingi. Msikiti wenye mnara wa vigae vya buluu ulio hapo mbele ni wao. Pana lango la kuingilia mtaani, na watu wa nje hawaingii. Hakuna haja ya kubembeleza wala kuchungulia na kamera. Mwongozaji anayekuambia "mimi nitakuingiza" hafai. Zitazame roshani kutoka barabarani, na uhesabu upana wa vyumba: mita 3 hivi, nyumba baada ya nyumba. Sababu ni boriti. Nguzo ya mkoko kutoka Rufiji au Lamu haikuwa ndefu zaidi ya hapo, na Oman haikuwa na miti ya kujengea paa, kwa hiyo mkoko wa Afrika ndio uliopima vyumba vya watu huku, kama ulivyopima vya Mji Mkongwe.

Soko la Matrah

Lango kuu liko Kornishi penyewe. Wenyeji wa zamani waliliita Suq al-Dhalam, soko la giza, kwa vile vichochoro vyake vilivyofunikwa havikuwa vikipata jua. Leo lina taa na paa la mbao lililopambwa, na mita mia za mwanzo ni za wageni: skafu "za Kashmiri" ambazo nyingi ni nailoni, ngamia wa kitambaa, sumaku za friji. Usihukumu soko kwa hapo. Endelea ndani mpaka uone vitambaa vya jora, sufuria, manukato ya kupima kwa kichupa, maduka ya dhahabu na akina mama wanaobishana bei. Hapo ndipo soko linapoanza.

Jambo moja la kukusaidia usipotee: soko limekaa kwenye mdomo wa bonde, mahali maji ya mlimani yanaposhukia baharini. Sakafu inainama kuelekea pwani. Ukichanganyikiwa na vichochoro, fuata mteremko, utatokea Kornishi. Sababu hiyo hiyo inafanya soko kuwa mahali pabaya pa kuwa mvua ikinyesha milimani, hata kama juu yako pana jua. Maji huja kwa ghafla, yamebeba mawe na matope, na yanapita katikati ya maduka. Wenye maduka wakianza kuinua bidhaa kutoka sakafuni, usisubiri kuuliza. Toka, na panda sehemu ya juu.

Kundi la kuingia humu lisizidi watu 8 au 10. Zaidi ya hapo mwongozaji anageuka mchunga mbuzi, na mwenye duka hawezi kuhudumia mtu. Mwongozaji mzuri anataja mahali pa kukutana kabla ya kuingia, anawaacha watu huru dakika 40, na hapeleki kundi kwenye duka moja "la rafiki". Kamisheni haijifichi. Ukiona amekataa mtu asinunue mahali pengine, umeielewa biashara yake.

Sasa vya kununua, kwa anayejali.

Ubani. Unatoka Dhofar, kusini mwa nchi, kwenye mti unaochanjwa gome na kuachwa utomvu wake ugande. Daraja la juu huitwa hojari, na punje zake ni nyeupe zinazoelekea kijani au fedha, kubwa, zinazopitisha mwanga ukiziinua kwenye taa. Daraja za chini ni za njano hadi kahawia, zenye vumbi na vipande vya gome. Harufu ya hojari unapoichoma ina ulimao ndani yake. Ya bei rahisi ina moshi tu. Kuna kipimo cha kinywani: punje nzuri ukiitafuna inavunjika kwanza, kisha inalainika na kushikana kama ubani wa kutafuna. Muuzaji mwaminifu atakuchomea kidogo kwenye chetezo kabla hujalipa. Usinunue mfuko uliofungwa ambao chini yake umejaa unga, unga huo umeuziwa kwa uzito wa punje. Wanaotaka wa kunywa, kuloweka usiku kwenye maji kama Waomani wanavyofanya, wanunue hojari safi peke yake.

Kofia. Kofia ya Oman, kumma, na kofia ya vitone ya Unguja ni ndugu wa damu, na Mzanzibari hahitaji kufundishwa kuichagua. Kwa wengine: igeuze ndani. Ya mashine ina mgongo wa nyuzi uliolingana, tundu zake ni za kuchora na hazipitishi hewa. Ya mkono ina matundu ya kweli yaliyozungushiwa uzi, moja moja, na hakuna mawili yanayofanana sawasawa. Ya mashine unaipata kwa riali chache. Ya mkono ni kazi ya miezi na bei yake inaanzia makumi ya riali, kwa hiyo anayekuuzia "ya mkono" kwa riali 4 amekuuzia ya mashine.

Fedha na majambia yanauzwa kwa ufundi na kwa uzito, na mizani iko dukani, omba ipimwe mbele yako. Sarafu za fedha za Maria Theresa, malkia wa Austria, zilizotapakaa kwenye mabakuli zote zina mwaka 1780, kwa sababu ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo baada ya malkia kufa. Mwaka ulioandikwa hausemi chochote kuhusu umri wa sarafu. Asikuuzie mtu kwa bei ya karne ya 18.

Halua onja kwanza. Wanga, sukari, samli, hiliki, zafarani, maji ya waridi, inasongwa kwenye sufuria kubwa la shaba kwa saa kadhaa. Nzuri inang'aa na kuachia kijiko. Inayonuka samli iliyochacha iache hapo hapo. Ukinyweshwa kahawa pamoja nayo, kikombe kinajazwa mpaka ukitikise kushoto kulia unapokirudisha. Kukirudisha kimya ni kuomba kingine.

Kupatana bei kunaruhusiwa kwa kila kitu isipokuwa chakula na dhahabu (ya dhahabu inapatanwa kwenye ufundi, bei ya gramu ni ya siku). Riali moja ni baisa 1,000 na ina thamani ya dola 2.6 za Marekani, kwa hiyo usicheke na namba ndogo. Riali 10 ni fedha.

Kutoka Matrah hadi Riyam

Ngome ya Matrah inakaa juu ya mwamba mkali juu ya barabara. Wareno waliijenga miaka ya 1580. Ngazi ni kali na hazina kivuli. Mwenye magoti mabovu aiangalie kutoka chini. Baada yake Kornishi inapinda na mwamba, benchi na vibanda vya kivuli kila baada ya hatua kadhaa, bahari chini ya ukuta. Hii ndiyo sehemu ya kutembea bila kueleza kitu. Mbele kidogo pana mnara mdogo wa mviringo wa ulinzi, una ngazi zake, na ndio wenye picha nzuri ya bandari kwa jasho dogo zaidi. Chetezo kikubwa cheupe kilichojengwa juu ya kilima kinakuonyesha umefika Riyam, na chini yake ni bustani yenye miti halisi na vyoo. Jaza maji hapa. Lita moja na nusu kwa mtu inatosha wakati wa baridi, mara mbili yake kuanzia Aprili.

Kwa wenye miguu ya mlimani ipo njia ya mkato, na ni ya kale kuliko Kornishi. Kabla ya barabara ya pwani kujengwa, mtu wa Matrah aliyekwenda Riyam alipanda mlima kwa miguu. Njia hiyo sasa imewekewa alama ya C38: mistari mitatu, njano, nyeupe na nyekundu, iliyopakwa kwenye mawe. Inaanzia nyuma ya Riyam, inapanda ngazi za mawe, inapita juu ya bonde lenye magofu, na kushukia nyuma ya nyumba za Matrah. Kama kilomita 2 na nusu, saa moja na nusu hadi mbili kwa mwendo wa kawaida. Mawe yanabingirika, kwa hiyo viatu vya kufunga kifundo. Watu hupotea kwenye kituo kimoja: wanafika bondeni, wanaona njia pana ya maji, wanaifuata badala ya kutafuta mistari. Usipoona alama kwa dakika tano, rudi kwenye ya mwisho. Usiende mvua ikitabiriwa wala siku inayofuata mvua, na usiende peke yako wakati wa joto.

Mtembeaji wa kawaida anaendelea na barabara ya pwani, anapita ghuba ndogo ya Kalbuh, kisha njia inaacha bahari na kupanda hadi Lango la Maskati, jengo jeupe linalovuka barabara. Huu ndio mpando pekee wa maana, na kama kundi lina wazee au watoto, gari liwasubiri Kalbuh liwavushe. Hakuna aibu. Kivuli hapa hakuna kabisa.

Lango lenyewe ni la kisasa, lakini limesimama kwa sababu ya kweli. Mji wa Maskati ulikuwa na ukuta na milango, na hadi 1970, zama za Sultan Said bin Taimur, mzinga ulipigwa saa tatu baada ya jua kutua, milango ikafungwa, na aliyetembea ndani ya mji usiku alilazimika kubeba taa ya mkononi ajulikane ni nani. Sultan Qaboos alichukua nchi tarehe 23 Julai 1970. Muulize mwongozaji yeyote mwenye asili ya Zanzibar familia yake ilirudi mwaka gani, na mara nyingi jibu litakuwa baada ya tarehe hiyo. Alipowaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi, waliotawanyika kutoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964 walikuwa miongoni mwa waliosoma, na walijaza ofisi, shule na hospitali. Kiswahili unachokisikia leo kwenye teksi na kwenye majiko ya mishkaki ya barabarani kimetokea huko.

Maskati ya ndani

Ndani ya lango mji unabadilika. Hakuna soko, hakuna kelele, ni wizara, bustani zilizokatwa kwa mkasi na barabara safi kupita kiasi. Migahawa ni michache sana. Kula Matrah kabla hujaja au subiri mkahawa wa makumbusho; watu wengi hukosea hapa, wakafika saa 7 mchana na njaa na kukuta askari na maua tu.

Kasri la Al Alam, lenye nguzo za buluu na dhahabu, lilijengwa 1972. Halifunguliwi kwa umma. Picha zinapigwa kutoka kwenye geti, na askari hawapigwi picha. Wageni wengi huishia hapo, wakageuka, na wamekosa kitu bora kuliko vyote. Zunguka kasri ukifuata ukuta mpaka utokee majini. Mbele yako ni hori lenyewe, dogo ajabu, na ngome mbili zimeketi juu ya miamba kila upande: Mirani magharibi, Jalali mashariki.

Hapa mwongozaji asimame na azungumze kwa urefu, maana historia ya pwani yetu imepita hapa. Mreno Afonso de Albuquerque aliuteka mji na kuuchoma 1507. Waturuki waliushambulia mara mbili katika karne hiyo, ndipo Wareno wakajenga Jalali na Mirani mwishoni mwa miaka ya 1580. Miaka michache baadaye, 1593, wakaanza Fort Jesus ya Mombasa. Aliyeiona Fort Jesus ataona tofauti mara moja: ile imetandazwa kwenye matumbawe, na nguvu yake ni unene wa kuta, hizi zimepandishwa juu ya mwamba ambao ngazi yake moja ingeweza kulindwa na watu wachache. Hata hivyo Imamu Sultan bin Saif aliwatoa Wareno Maskati Januari 1650, na kutoka bandari hii hii zilitoka meli zilizoizingira Fort Jesus kuanzia 1696 hadi ikaanguka Desemba 1698. Karne na nusu hivi baadaye Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja, na alipokufa 1856 wanawe waligombea urithi, Waingereza wakaamua 1861 kuutenga usultani wa Zanzibar na wa Oman, Zanzibar ikitakiwa kuilipa Maskati dola 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa unapolitazama hori: karafuu za Unguja na Pemba zilikuwa zikilipa mishahara hapa.

Jalali ilikuwa jela hadi miaka ya 1970. Mirani kwa miaka mingi haikufunguliwa kwa mgeni wa kawaida. Tazama pia miamba kando ya maji, utaona majina ya meli yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe, desturi ya mabaharia waliotia nanga hapa tangu karne ya 19.

Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 2016, yako upande wa pili wa uwanja ukitazama kasri. Tenga saa mbili. Ukiwa na saa moja tu, nenda kwenye vyumba vya bahari na vya Oman na dunia, uache silaha. Bait al Zubair, makumbusho ya familia kwenye nyumba iliyojengwa 1914, ni bora kwa mavazi na vyombo vya nyumbani, na wanaovutiwa na majambia waende huko kabla ya kwenda sokoni kununua. Bait Fransa, iliyokabidhiwa balozi mdogo wa Ufaransa 1896, ipite kama una dakika ishirini za ziada.

Mengineyo

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Usipige picha wanawake bila ruhusa, wala vituo vya polisi na jeshi. Droni inahitaji kibali. Wakati wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, na panga matembezi yaanze baada ya tarawehe, soko linakuwa zuri kuliko siku zote za mwaka.

Mwongozaji awe na leseni ya Wizara ya Urithi na Utalii, na hakuna ubaya kuomba akuonyeshe. Kabla ya kulipa muulize maswali mawili: utaanzia upande gani, na kwa nini? Akijibu kwa kutaja saa na jua, mchukue.

Dalili za joto kumzidi mtu ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na miguu kukaza. Mpeleke kivulini, mpe maji yenye chumvi kidogo na sukari, mlowanishe shingo na mwite dereva. Akiacha kutoka jasho au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, ni hospitali, si kivuli.

Kurudi kutoka Maskati ndiko kunakosahaulika. Mchana teksi ni adimu ndani ya lango. Teksi za Oman ni nyeupe na michirizi ya chungwa. Tumia programu ya simu ujue bei kabla, au patana kabla ya kupanda, si baada. Mabasi ya Mwasalat yanaunganisha Matrah na Ruwi kwa nauli ya baisa mia chache, na kutoka Ruwi unapata njia nyingine zote za jiji. Ukimaliza Matrah usiku, tembea hadi kituo cha Kornishi. Ukimaliza Maskati adhuhuri, uwe umeshapanga gari tangu asubuhi.